Marehemu Anaomba Pasipoti

Wewe unayesoma, usijifanye mgeni. Ulikuwepo.

Ijumaa ile ya mwaka wa themanini na tano, walipomburuta Onésime kwa miguu kutoka ufukoni Kataki mpaka hospitali, haikuwa usiku. Jua lilikuwa utosini. Barabara ilijaa watu. Wengine mliinama ghafla juu ya mafungu ya ndagala, kana kwamba samaki wamewaita. Wengine mkainama kufunga kamba za viatu, na hamkuwa na viatu.

Na mmoja wenu, aliyekuwa ndani ya hospitali, alisimama nyuma ya dirisha, akaona, halafu akavuta pazia.

Huyo nina neno naye. Asubiri.

Najua jibu lenu. "Tungefanya nini? Bunduki ilikuwa yao." Vema. Na kalamu, ilikuwa ya nani? Kalamu ilikuwa ya Omer, na Omer ameamua kuungama. Kila juma anakuja, anakaa kwenye kigoda, anasema, nami naandika, mkono wake wa kulia ameuficha mfukoni. Ameomba asipakwe sukari. Hatapakwa.

Kwa aliyechelewa, haya ndiyo tuliyokwisha kuyasikia.

Omer alikuwa karani wa biro, ofisi ya vyeti. Watu wa mji huu walizaliwa, wakaoa na wakafa kwa mashine yake ya kuandikia. Direkta alikuwa mkubwa wa kampuni ya kununua pamba na sauti nzito kwenye Chama, mtu aliyemfungisha katekista miezi mitatu kwa kosa la kumwita mtoto Télesphore mbele ya watu. Maana majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa na Serikali. Ukilitamka, unalitamka chini ya blanketi.

Direkta huyo alitaka kumpeleka mke wake likizo ya kifahari, kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi, hoteli ambayo kitanda kinatazama maji. Wakala wa safari akamtumia barua yenye yote yanayotakiwa mlangoni pa kisiwa: pasipoti yenye uhai wa miezi sita, kijitabu cha njano kinachoonyesha chanjo imetimiza siku kumi, tiketi ya kurudi, karatasi ya hoteli. Chanjo akachomwa, tiketi akanunua, hoteli ikajibu. Pasipoti na ruhusa ya kutoka nchi ndizo zilizokwama Lubumbashi.

Kwa nini? Kwenye makabati ya watu wa usalama kulikuwa na faili la muasi wa mwaka wa sitini na nne: Kahenga Mulolwa, mzaliwa wa Albertville, "karibu na 1938". Na Direkta naye, kwenye karatasi, ni Kahenga Mulolwa, mzaliwa wa Albertville, jina la kale la mji wetu huuhuu, karibu na 1938.

Zamani haikuwa taabu. Direkta alikuwa Damien, mwenye faili Onésime. Yalipofutwa majina ya ubatizo, watu wawili wakabaki mtu mmoja.

Direkta akaona njia ya mkato: muasi afe. Si kwa risasi, kwa mashine. Omer akapiga hati ya kifo cha Kahenga Mulolwa, akaigonga muhuri, ikapanda ndege. Wakati huo Onésime, fundi wa mitumbwi, alikuwa ufukoni anakwangua mbao zake, hajui kwamba ni marehemu.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa shika roho yako.

*

Alhamisi asubuhi, jibu la Lubumbashi likaja kwa foni, ile radio ya posta. Mwenye foni akaliandika, akalikunja, akampa Omer, macho yakiwa yamemtoka.

Omer akasoma akiwa amesimama. "Hati ya kifo cha Kahenga Mulolwa imepokelewa. Jina limefutwa kwenye orodha ya raia. Maombi ya pasipoti ya Kahenga Mulolwa yamefungwa. Marehemu hasafiri."

Akalisoma jina tena.

Walikuwa wamemuua Direkta.

Akakimbia kupanda kilima. Lakini mdomo wa mwenye foni ulikuwa na baiskeli. Omer alipofika kwenye lango kubwa, alikuta wanawake wameshawasili na mikeka vichwani, vitambaa vimefungwa viunoni, wanajitupa kwenye majani ya bustani.

"Mama weee! Direkta weee! Umetuacha na nani?"

"Pamba zetu nani atanunua, baba weee!"

Mlango ukafunguliwa. Direkta akatokea barazani. Alikuwa amevaa kaputula ya maua, shati wazi na miwani nyeusi, anajaribu nguo za kisiwa. Nyuma yake mkewe, kofia ya majani kichwani pana kama ungo.

Mwanamke wa mbele akapiga yowe. "Mzimu wake umetoka! Na kaputula!"

"Nani amekufa hapa?" akauliza Direkta.

"Ni weye, njo weye, Papa Direkta," akajibu mama mmoja kwa adabu, machozi yakimtiririka. "Foni imesema. Pole sana."

Direkta akacheka. Kicheko kikafika katikati, kikakatika. Alikuwa ameelewa.

Akaingia ndani, akatoka na mkanda wa ngozi. Wa kwanza kuonja alikuwa yule aliyempa pole. Kichwa cha mkanda, kile chuma, kilimchana shavu mpaka jino likaonekana kwa nje. Wakakanyagana langoni. Mikeka ikabaki. Waliokuwa wakilia kwa desturi sasa walilia kwa haki.

"Karani!"

"Niko hapa, Citoyen Direkta," akajibu Omer; 'Bwana' nalo lilikuwa limefutwa, tuliitana 'raia' kwa Kifaransa.

"Soma."

Omer akasoma. Kando yake alisimama Ajida Firmin, mkuu wa askari, mtu aliyeletwa mjini miezi michache tu iliyopita, baada ya mapigano ya Moba. Alikuwa hajui mitaa yetu wala nyuso zetu. Alijua kazi.

"Karatasi ile uliipiga kwa vidole gani?" Direkta akauliza polepole.

"Viwili tu, Citoyen Direkta. Sikusomea mashine."

"Weka mkono kwenye ngazi."

"Nakuomba, Papa..."

"Weka. Tuanze na cha kwanza."

Kisigino kikashuka. Omer anasema alikisikia kidole kabla ya kukihisi, kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto. Akapiga kelele mpaka sauti ikamkimbia.

"Damien!"

Ajida akatazama mawingu. Jina lililokatazwa lilikuwa limetamkwa kwenye baraza la mjumbe wa Chama, tena kwa sauti ya juu, na aliyelitamka ni mama yake mzazi.

Mama Bertille alikuwa mzee wa fimbo, amejikunja kama ndoana, lakini sauti yake haikuwa na mvi hata moja.

"Damien, acha mutoto wa wenyewe!"

"Mama, ingia ndani."

Lakini neno lile lilimwamsha Omer katika maumivu yake. Akainua kichwa. "Citoyen Direkta, iko dawa! Tuongeze jina la ubatizo! Tuandike aliyekufa ni Onésime, anayesafiri ni Damien. Neno moja tu! Lubumbashi watawatenganisha na hakuna mtu..."

Teke likamkatisha.

"Miye sina jina la ubatizo," alisema Direkta. "Katekista nilimufunga kwa jina kama lile. Leo niandike langu mbele ya wakubwa? Wananifungulia faili la pili. Wanataka nini? Soma mpaka chini!"

Omer akasoma mwisho wa ujumbe, damu ikidondokea karatasi. Kama kulikuwa na kosa, na aliyekufa ni muasi wa failini, walete uthibitisho: hati ya daktari, saini ya karani wa vyeti kama shahidi, na picha ya uso wa maiti, ili ilinganishwe na picha ya muasi iliyoko failini. Jumamosi isipite.

Ndege ya Direkta ilikuwa Jumatatu.

"Basi tutafute maiti," alisema Ajida, kama mtu anayesema tutafute chumvi.

"Wanataka uso," Omer akanong'ona. "Uso wa Onésime mwenyewe."

"Nimesikia."

Mama Bertille akapiga fimbo sakafuni. "Damien, unasahau tumbo lililokubeba? Nilishikwa na uchungu ndani ya mutumbwi, tunatoka Moba, mawimbi yanaingia. Mzee Kahenga Mulolwa njo alituvuta. Usipokuwa yeye, miye na weye ni chakula cha samaki. Nikakupa jina lake. Mwezi uleule mujukuu wake akazaliwa, naye akapewa. Onésime ni majina wako, wa jina moja na weye! Majina wako ni weye mwenyewe. Tangu lini muntu anamuzika majina wake angali muzima?"

Direkta akavua miwani, akaipangusa na shati.

"Basi hatutamuzika muzima," akasema.

Mama yule akakaa chini palepale. Hakulia. Akaanza kujimwagia vumbi kichwani kwa mikono yote miwili, kama mwanamke aliyefiwa na mtoto.

Ajida akamgeukia Omer. "Anakaa wapi huyu Onésime?"

Hapa Omer anataka jambo moja liandikwe, maana katika hadithi nzima ndilo zuri alilofanya. Alidanganya.

"Alihama, Ajida. Nasikia yuko Nyunzu, analima."

Ajida akakitazama kidole. Kisha akatabasamu.

"Sawa. Nenda nyumbani, funga kidole chako."

Hakuna aliyemsukuma wala kumfuata mpaka langoni. Omer akashuka kilima akimshukuru Mungu. Mpumbavu! Mbwa wa kuwinda hapigwi ili aseme. Anafunguliwa kamba tu.

*

Ijumaa, jua lilipopanda, Omer akaenda mbio mpaka Kataki.

Onésime alikuwa ameinamia mtumbwi mpya, anakandamiza pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu. Mkewe, Marthe, alikuwa kwenye mafiga, sufuria ya mafuta ya mawese inachemka, ya kumwagia juu ya pamba ili maji yasipite.

"Papa Onésime, kimbia!"

"Karibu kwanza, mutoto wangu. Hicho kidole kimefanya nini?"

"Umekufa."

"Nani?"

"Weye. Nimekupiga mashine majuma matatu yaliyopita. Kwenye karatasi uko maiti."

Onésime akamtazama mkewe. "Unasikia, Mama? Njo maana tangu wakati ule ugali haunishibishi."

"Omer, umekunywa?" Marthe akauliza.

Omer akaeleza yote: faili, hati, foni, kaputula, picha ya uso. Kadiri alivyoeleza, patasi ya Onésime ilipunguza mwendo, mpaka ikasimama.

"Yote haya ili aende wapi?"

"Kisiwani, na bibi yake. Nimeona kitabu cha picha. Kuna muchanga, maji ya buluu, na michikichi ya namna ingine imeinama."

Onésime akatazama mchanga chini ya miguu yake. Akatazama ziwa. Akatazama michikichi ya jirani.

"Na huku kwetu akifungua dirisha anaona nini? Matope?"

Marthe akacheka peke yake, kicheko kibaya, kisha akamshika mumewe bega. "Baba, ingia mutumbwi. Vuka."

"Upande mmoja unavuja."

"Vuka na kuvuja kwake!"

"Nivuke kama nani, Mama? Ng'ambo wataniomba karatasi. Niwaonyeshe cheti changu cha kifo? Direkta anakusanya karatasi tano za kwenda kulala. Miye sina ata moja ya kukimbilia." Akatema mate. "Na mwaka ule wa sitini na nne sikushika bunduki. Nilivusha majeruhi muto wa Lukuga. Wa upande huu, wa upande ule. Mutumbwi hauulizi. Walinikamata na kasia mukononi, wakanipiga picha na kibao kifuani. Njo uasi wangu wote."

"Papa, tafazali, ondoka!" Omer alikuwa akilia.

"Naondoka. Marthe, nipe koti."

Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya mtumbwi.

"Asante, Omer," sauti ikasema nyuma yao. "Umefanya kazi nzuri."

Ajida Firmin. Na askari watatu.

Omer anasema uso wa Marthe ulipogeuka kumtazama, alitamani kidole kile kingekuwa shingo yake.

"Nani hapa Kahenga Mulolwa?" akauliza Ajida.

"Yuko juu ya kilima," akajibu Onésime. "Anajaribu kaputula."

Kitako cha bunduki kikampata mdomoni. Meno mawili yakaangukia kwenye mbao mpya. Akayatazama, akainama kana kwamba anataka kuyaokota, na alipoinuka alikuwa na tezo mkononi. Pigo la kwanza lilimpata askari mmoja kwenye mkono, chini kidogo ya saa, na saa ikaanguka pamoja na kitu kingine. Askari akabaki anatazama mahali palipokuwa na kidole gumba chake.

Ajida akavuta bastola. Hakuwahi. Marthe alikuwa ameinua sufuria.

Mawese yanayochemka hayamwagiki kama maji. Yanashika. Yalimshika Ajida shingoni, yakashuka kifuani ndani ya shati, na mtu yule aliyekuwa akisema kila kitu kwa sauti ya chumvi alipiga kelele kama nguruwe, akajitupa ziwani.

"Kimbia!" Marthe akalia. "Kimbia, Onésime!"

Angeweza. Hatua tano na yuko majini. Lakini askari wa pili alikwisha kuchukua kasia, akampiga nalo Marthe kwenye goti. Goti likageukia upande ambao goti haligeukii. Onésime akarudi.

Wakampiga kwa kasia mpaka likavunjika. Wakaendelea na vipande. Na baada ya kila pigo, alipoweza kupumua, alipaza sauti ili ufuko mzima usikie:

"Miye Onésime! Onésime! Siyo yule! Miye Onésime!"

Jina la ubatizo, mchana kweupe. Watu wakasikia. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Omer aliyahesabu makomeo.

Ajida akatoka majini, ngozi ya shingo inaning'inia kama kitambaa. Akachukua konzi ya pamba kwenye mtumbwi, akamjaza Onésime mdomoni, akasukuma kwa patasi.

Jina likakoma.

Kisha wakamshika miguu, wakamburuta. Omer wakamsukuma mbele kwa mtutu.

Hapo ndipo mlipoinama kwenye ndagala zenu.

*

Hospitalini kulikuwa na chumba cha nyuma. Wakamlaza Onésime juu ya meza. Daktari alikuja, akatia saini akiwa mlangoni, akaondoka mbio. Alikuwa na haraka ya kutoona.

Direkta akaingia na kamera yake mpya, aliyoinunua kwa ajili ya kisiwa. Nje, ndani ya gari, mkewe alikuwa akingoja na kofia yake. Filamu ile ilikuwa ya picha thelathini na sita. Ya kwanza haikuwa ya bahari.

"Mutoeni hiyo pamba. Nataka mudomo."

Wakaitoa. Ilikuwa nyekundu.

Wakaweka kibao cha shule juu ya kifua chake. Ajida akampa Omer chaki. "Andika."

Omer akaishika kwa mkono wa kushoto. Akaandika KAHENGA MULOLWA, herufi zikicheza kama za mtoto.

Direkta akaweka jicho kwenye kamera. Akaliondoa. Akaweka tena.

"Kibao kinatikisika."

Wote wakatazama. Kibao kilikuwa kinapanda. Kinasimama. Kinashuka. Kinapanda tena.

Onésime alikuwa anapumua.

"Dakika moja, Citoyen Direkta," alisema Ajida, akachukua mto wa wagonjwa uliokuwa pembeni.

Hapo, anasema Omer, hakufikiri. Angefikiri, asingefanya. Aliegemea meza, akainua mkono wa kushoto, na juu ya yale maneno mawili akaanza kuandika lingine. O. N. É.

"Unaandika nini?"

S. I. M. E.

Neno moja, lile alilokatazwa barazani, lile ambalo lingetosha tangu mwanzo. Kwa neno lile picha isingefaa kitu. Hakuna mkubwa Lubumbashi ambaye angeipokea bila kuuliza nani ameandika jina la ubatizo, na kama huyu ana lake, yule mwingine naye anaitwa nani.

"Futa," akasema Direkta.

"Sifuti."

"Karani, futa."

"Huyu ni Onésime, nami nilimuua kwa mashine. Sitamuua kwa chaki."

Direkta akainama mwenyewe kufuta kwa kiganja. Na mkono wa yule wa mezani, mkono uliovunjika sehemu mbili, ukamshika kifundo cha mkono. Macho ya Onésime yalikuwa wazi. Alimtazama majina wake kwa karibu sana, na mdomo uliovunjika meno ukatikisika.

Alisema kitu. Omer hakukisikia. Direkta alikisikia, maana alirudi nyuma mpaka ukutani, na mkojo ukamshuka kwenye suruali.

"Mumalize!" akalia. "Ajida, mumalize!"

Ajida akainua mto. "Huyu kwanza," akamwambia Omer, "halafu weye."

Omer akageuza uso. Na kwenye dirisha dogo la pembeni, upande wa chumba cha pili, akauona uso. Mtu alikuwa amesimama pale, labda tangu mwanzo. Macho yao yakakutana.

"Saidia!" Omer akalia. "Fungua mlango! Ita watu!"

Uso haukutikisika. Kisha mkono ukapanda, pazia likavutwa.

Kitu kikamgonga Omer kisogoni, na dunia ikazimika.

Alizinduka Jumatatu jioni, katika chumba cha mahabusu, bila chaki, bila kidole, maana kilikuwa kimeoza na kukatwa. Direkta na mkewe walikuwa wameshapanda ndege. Kwa karatasi gani? Picha ilipigwa au haikupigwa? Na kwa nini yeye hakumalizwa? Hajui. Alipoachiwa na kurudi hospitalini, meza ilikuwa imeoshwa. Kaburi hakuna. Mwili hakuna. Kwenye daftari la chumba cha wafu, hakuna aliyeingizwa Ijumaa ile. Hata mmoja.

Unasikia? Hata mmoja.

Miaka sita sasa. Marthe anatembea kwa gongo, na hajavaa nguo za ujane, maana hajui kama ni mjane. Kila jioni anapika ya watu wawili. Serikali imeturudishia majina ya ubatizo, na Direkta juma lililopita alikwenda bironi akiwa amenyooka, akaomba pasipoti mpya kwa jina la Damien. Anakwenda tena kule kule, na ndege yake ni Jumanne. Safari hii karatasi zake ni safi kuliko shuka za padri.

Omer amemaliza alichokiona. Kinachofuata hakijui yeye, wala mwandishi, wala Marthe. Unakijua wewe.

Ndiyo, wewe wa pazia. Pazia lile lilikuwa jepesi, tumekwenda kulishika. Unajua kama kibao kile kiliacha kupanda, au kama mtu alibebwa kwa mlango wa nyuma angali anapumua, na akapelekwa wapi. Unajua Onésime alisema nini.

Na ninyi wengine wa ndagala na viatu, mnamjua mtu huyo. Mji huu si mkubwa. Mkamateni mkono, si kwa fimbo, mmpeleke.

Usingoje juma lijalo. Juma lijalo liko mdomoni mwako. Weka karatasi hii chini, sasa hivi, maneno haya yakiwa ya mwisho. Simama. Nenda Kataki, nyumba ya mwisho kabla ya maji, yenye mtumbwi mmoja usiomalizika mlangoni. Bisha. Sema: "Mama Marthe, miye niliona."